Paka wa mashineni hatoki chini ya kabati, na mama mkwe ameshika kamba

SWALI

Shikamoo Bibi Mifugo,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kinyanambo hapa Mafinga, na wa nne yuko njiani, mimba ina miezi minne. Mume wangu ni mpanga mbao. Hivi karibuni mashine waliyokuwa wanapasulia magogo ilihamishiwa shamba jingine la miti, pakabaki mlinzi, lundo la mabanzi, na paka mmoja aliyekuwa akiishi ndani ya lundo hilo. Mlinzi akamwambia mume wangu kwamba paka yule asipopata wa kumchukua, watoto wa pale watammaliza kwa mawe. Kwa kuwa panya wametusumbua sana kwenye mahindi, mume wangu akaona amepata thawabu na mlinzi wa stoo kwa mkupuo mmoja.

Alimleta jioni, kwenye kiroba, juu ya bodaboda. Kiroba kilifunguliwa sebuleni, watoto wakishangilia na televisheni ikiunguruma. Paka alichomoka kama mshale, akaingia chini ya kabati la vyombo. Mpaka leo, zaidi ya wiki sasa, mchana hatoki. Usiku nasikia akila dagaa tuliomwekea, na asubuhi nakuta amejisaidia nyuma ya magunia ya viazi. Maziwa pia tunampa, lakini anaharisha.

Tumemwita Simba. Ni mzuri, ana mabaka meusi, ya rangi ya chungwa na meupe, na sikio moja limechanika kidogo. Tumbo limemshuka, nadhani ni minyoo. Kila jioni watoto wanajaribu kumvuta ili azoee watu. Juzi mwanangu wa pili aliingiza mkono, Simba akamparua mpaka damu ikatoka. Nilimfuta kwa kitambaa, nikampaka mafuta ya mgando.

Sasa mama mkwe amekuja kutoka Njombe kunitazama. Anasema paka wa kuokotwa hana shukrani, na kwamba paka mgeni hufungwa kamba kwenye mguu wa meza na kupakwa mafuta ya kula miguuni, akimaliza kujilamba anakuwa amesahau kwao. Jirani naye ameongeza kwamba mjamzito akikaa na paka mimba hutoka, na kwamba paka anayejificha mchana na kutembea usiku huenda ametumwa. Mama mkwe amesema akifika Jumapili bila mabadiliko, Simba arudishwe mashineni.

Mume wangu ananiangalia mimi, mimi nakuangalia wewe. Tumfunge kamba? Ataanza lini kukamata panya? Na hilo la mimba ni kweli?

Mama Watatu, Kinyanambo

JIBU

Marahaba, mwanangu. Umeuliza habari za kamba na panya, lakini mimi naanza na mtoto, na ningependa usome aya hii kisha uweke simu chini ushughulike.

Mtoto aliyeparuliwa na paka asiyejulikana chanjo yake mpaka damu ikatoka anapelekwa hospitali. Kichaa cha mbwa jina lake linadanganya. Paka naye anaugua na anaambukiza, kwa kung'ata na hata kwa kuparua, maana makucha yake huyalamba kila saa. Kidonda kilitakiwa kuoshwa papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Kama halikufanyika, kioshe sasa hivi hivyo hivyo, kisha nendeni. Usisubiri uone kama kitavimba. Waambie wahudumu paka ni wa kuokotwa, hana chanjo, na yupo nyumbani mnamwona. Hilo la mwisho lina uzito: paka aliyeng'ata au kuparua akibaki mzima, anakula na hana tabia za ajabu, siku 10 baada ya tukio, hakuwa akitoa virusi siku ile. Lakini mtoto haketi nyumbani akingoja siku hizo ziishe. Sindano huanza kwanza, mengine huamuliwa na daktari baadaye, kwa sababu ugonjwa huu dalili zikishajitokeza hauna tiba. Uliza pia kuhusu sindano ya pepopunda.

Sisemi hivyo kwa kuwa Simba ana dalili. Anakula, anajificha, anajisaidia pembeni. Huyo ni paka mwoga mwenye akili timamu. Nasema hivyo kwa kuwa ni mtoto.

Sasa mimba. Jirani ameshika ncha ya jambo la kweli akalivuta vibaya. Kuna kimelea kiitwacho toksoplazma ambacho huzaliana kwenye utumbo wa paka na kutoka na kinyesi chake, na mwanamke akiambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito, mtoto aliye tumboni anaweza kudhurika, na mimba inaweza kutoka. Hiyo ni kweli. Ila paka hatoi kimelea hiki maisha yake yote. Kwa kawaida hutoa kwa wiki moja hadi tatu, mara tu baada ya yeye mwenyewe kuambukizwa kwa kula panya, ndege au nyama mbichi. Na kinyesi kilichotoka leo hakiambukizi leo, kinahitaji siku moja hadi tano kukomaa. Kwa hiyo choo cha paka kikisafishwa kila siku bila kuruka, hatari inakatwa kabla haijaiva. Wewe usikisafishe. Hiyo ni kazi ya baba Simba mwenyewe, aliyemleta kwenye kiroba. Akisafiri, mama mkwe au mtu mzima mwingine avae glovu au mfuko wa nailoni mkononi na anawe kwa sabuni.

Nikuambie jambo ambalo jirani hakulisema: mama mjamzito wa huku kwetu yuko karibu zaidi na kimelea hiki anapopalilia bustani kwa mikono mitupu, anapokula mboga zisizooshwa vizuri, au anapoonja mshikaki ambao ndani bado ni mwekundu. Udongo wa bustani ni choo cha paka wa mtaa mzima. Vaa glovu, osha mboga, ivisha nyama, na ukienda kliniki mwambie muuguzi nyumbani kuna paka. Kumkumbatia Simba, siku akikubali, hakutoi mimba.

Haya, tuje kwa Simba.

Mmemhamisha paka kutoka kwenye lundo la mabanzi, mahali alipojua kila tundu, mkamweka gizani ndani ya kiroba, juu ya pikipiki, kisha mkamfungulia katikati ya sebule yenye watu na televisheni. Aliona sehemu moja tu yenye paa la chini na ukuta nyuma, akaingia. Hakukosa shukrani. Paka hutulia kwanza kwa kujificha, halafu ndipo hutazama, halafu hunusa, na mtu anakuja mwishoni kabisa kwenye orodha hiyo. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, walichapisha kazi yao juu ya paka wageni katika kituo cha kutunzia paka: waliopewa boksi la kujifichia walitulia mapema kuliko walionyimwa. Ninyi mlimpa kabati bila kukusudia. Kisha kila jioni mkawa mnaingiza mkono kumvuta.

Hapo ndipo kosa lilipo, na likiachwa hilo moja mengine yote yatanyooka polepole. Kila akivutwa anajifunza kwamba hata pale alipodhani pana usalama, mkono hufika. Siku ya kwanza alirudi nyuma. Siku ya pili huenda alinguruma na kufoka. Juzi akaparua. Alikuwa akisema kitu kilekile kwa sauti inayopanda. Kwa hiyo kuanzia leo sheria ya nyumba ni hii: Simba akiwa mafichoni hakuna anayemtoa, hakuna anayemmulika tochi, hakuna anayempigia magoti kumchungulia. Nyumba nzima, pamoja na wageni.

Nyumba yako ni kubwa mno kwa paka wa siku za kwanza. Anahitaji chumba kimoja, kidogo, kisichopitwapitwa. Nyumba nyingi za Mafinga zina kijichumba cha nyuma cha majembe na magurudumu mabovu. Kama unacho, toa humo dawa za shamba zote, mbolea, mafuta ya taa na sumu ya panya, ziba matundu chini ya mlango na kwenye dari, na uhakikishe dirisha linafungwa. Kama huna, kona ya chumba cha watu wazima itafaa kuliko stoo ya mahindi, kwa maana kwenye stoo yenye magunia hamtamwona tena.

Namna ya kumhamisha: usimbebe. Sahani yake ya usiku ipo mbele ya kabati, sivyo? Leo isogeze hatua moja kuelekea chumba kile, kesho nyingine, watu wakishalala na taa zimezimwa. Siku sahani itakapokuwa ndani ya chumba na yeye yuko kwenye sahani, mtu mmoja anayetembea bila viatu afunge mlango. Itachukua muda, najua Jumapili inakaribia. Ya Jumapili nitakuja kuyasema.

Ndani ya chumba weka boksi kubwa la kartoni, lilaze ubavu ili mdomo uelekee ukutani kidogo, asiwe anatazamana na mlango. Toboa tundu la pili nyuma, paka hapendi pango lenye mlango mmoja. Ndani yake weka sweta kuukuu mliyoivaa bila kuifua, ya mtu mmoja tu kati yenu, yule atakayekuwa anamlisha. Na kitambaa kilichokaa chini ya kabati, chenye manyoya yake na harufu yake, usikifue, kihamishie humo. Weka kitu cha kupanda pia: meza, rafu, ubao juu ya matofali. Maji yakae mbali na chakula, na choo kikae kona iliyo mbali na vyote viwili.

Kuhusu choo, ninyi wa Mafinga mna bahati ambayo watu wa mijini wanainunua kwa pesa. Unga wa mbao! Chukua beseni pana lenye kingo fupi, mimina unga wa mbao wa paini uliokauka, kina cha vidole vinne, uchekeche kwanza vumbi laini litoke maana linamkera pumzi. Lakini sikiliza hapa kwa makini, na mume wako atanielewa haraka: usichukue unga wa mbao zilizowekwa dawa, zile zenye rangi ya ukijani za nguzo na kenchi. Dawa ile ina shaba, kromu na mara nyingi aseniki, na paka hulamba nyayo zake baada ya kufukia. Chukua wa mbao mbichi kutoka mashineni, uanike. Majivu ya jikoni pia usitumie, yakilowa huchoma ngozi ya nyayo. Kipande kimoja cha kinyesi chake cha nyuma ya magunia kiweke kwenye beseni siku ya kwanza. Ataelewa bila kufundishwa, kwa kuwa aliishi kwenye mbao na nadhani unga huo ndio choo alichokizoea.

Nyuma ya magunia osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kufulia, kisha pangusa kwa siki iliyochanganywa na maji. Epuka zile dawa za kusafishia zinazogeuza maji kuwa meupe kama maziwa. Nyingi zina kemikali za jamii ya fenoli ambazo ini la paka haliwezi kuzishughulikia.

Baridi ya huku isikufanye umwekee jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa yake inaua paka kama inavyoua watu kila msimu wa baridi. Chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kipande cha kitenge, ikiwekwa kwenye kona ya boksi, inatosha usiku.

Jina sasa. Mwanangu, paka mwenye mabaka meusi, ya chungwa na meupe kwa pamoja ni jike, karibu mara zote. Vinasaba vya rangi ya chungwa hukaa kwenye kromosomu ya X. Dume ana moja, hivyo hupata ama weusi ama uchungwa, jike ana mbili anaweza kubeba vyote. Dume wa rangi tatu hutokea mara chache sana na mara nyingi ni tasa. Simba wako ni mama Simba. Na ukiniambia tumbo limeshuka, na alikuwa kwenye lundo la mabanzi ambako madume wa mtaa walikuwa wakipita, na anang'ang'ania mahali pa giza pa chini, mimi sikimbilii minyoo. Mimba ya paka huchukua kama wiki 9. Usimshike tumbo. Akiwa analala ubavu mbele ya sahani au akijinyoosha, tazama chuchu: zikiwa zimevimba na zina rangi ya waridi kuliko ngozi inayozizunguka, mnaweza kuwa mnangojea wazazi wawili nyumbani humo. Hilo likiwa kweli, usimpe dawa yoyote ya minyoo kabla hajaonwa na daktari wa mifugo.

Mkishapita salama hapo, afungwe kizazi. Najua wapo watakaosema paka wa panya hafungwi kizazi ataacha kuwinda. Si kweli, ataacha kuzurura na kulia usiku tu. Huku kwetu karibu na ikweta, mchana na usiku havitofautiani sana kwa mwaka, basi jike anaweza kurudi kwenye joto mwezi wowote, na anaweza kubeba mimba nyingine akiwa bado ananyonyesha. Kwa mwaka mmoja mtakuwa na paka wengi kuliko sahani.

Chakula: acha maziwa leo. Paka wakubwa wengi tumbo halimeng'enyi sukari ya maziwa, ndiyo huko kuharisha. Maji tu. Dagaa wachemshe, usiwatie chumvi, na wale wakavu wenye chumvi nyingi waloweke kwanza umwage maji. Usipa wa Ziwa Nyasa wanaoletwa na wachuuzi wanafaa sana, wachemshwe vilevile. Ugali mchanganyie kidogo lakini usiwe ndio chakula. Paka asipokula nyama au samaki kuna kirutubisho cha taurini anakikosa, macho na moyo huharibika. Mapafu au utumbo wa buchani uliochemshwa ni bei nafuu. Maini mpe kidogo, mara moja kwa wiki. Akifikisha siku mbili bila kugusa chakula chochote, usiku wala mchana, mtafute daktari. Paka anayefunga kula huharibika ini haraka, hasa aliyenona.

Na Panadol usimpe kamwe, hata nusu, hata akichechemea. Kidonge kimoja chaweza kumuua. Vivyo hivyo dawa za viroboto za mbwa na za kuogeshea ng'ombe.

Atazoeaje watu? Mtu mmoja, ningechagua mtoto wako wa kwanza kama ana subira, au wewe, aingie chumbani mara moja asubuhi na mara moja jioni, akae sakafuni kwa ubavu, asimkabili, asome kwa sauti ya kawaida. Daftari la shule linafaa, gazeti linafaa, Biblia inafaa. Hamtazami. Wakikutana macho, afumbe yake polepole, afumbue polepole, ageuze uso. Watu wengi hunicheka hapo. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walilipima jambo hili wakakuta paka humsogelea zaidi mtu aliyemfumbia macho hivyo kuliko aliyemtazama kavu, hata kama mtu huyo ni mgeni. Kisha anaweka dagaa mmoja kati yao, siku inayofuata karibu kidogo, siku inayofuata mkononi. Siku paka akija, mkono hauendi kichwani. Nyosha kidole kimoja, usawa wa pua yake, ukiache hapo. Akikinusa na kukisugua kwa shavu, mguse shavuni hapo hapo, sekunde chache, uache kabla hajachoka. Mkia ukianza kupigapiga au masikio yakilala nyuma, mazungumzo yameisha kwa leo.

Mwanao wa pili aliyeparuliwa usimfungie nje ya jambo hili, atabaki na woga au kisasi. Mpe kazi ya ulinzi wa mlango: yeye ndiye anayehakikisha hakuna anayeingia na kelele. Watoto wa umri huo wakipewa mamlaka huwa wakali kuliko polisi.

Kipimo kinachosemwa sana na wanaookoa paka ni siku 3, wiki 3, miezi 3: siku tatu za woga mtupu, wiki tatu za kujifunza ratiba ya nyumba, miezi mitatu kujiona wa hapo. Ni kipimo cha jicho tu. Ninyi mlianza kwa kumvuta, basi hesabuni kama mnaanza upya siku mtakayoacha. Na kuna paka wa mashineni ambao hawakushikwa na binadamu wakiwa wachanga, wiki ya pili hadi ya saba tangu kuzaliwa, hao hubaki wa mbali maisha yote. Wanaishi nyumbani, wanakula, wanawinda, ila mapajani hawakai. Simba akiwa hivyo, mkubalini hivyo.

Kamba hapana. Paka aliyefungwa mguu wa meza na akashtuka atajinyonga, au atavunja mguu, na kila mkono utakaomkaribia kumfungua atauona ni adui. Mafuta ya miguuni yana madhara madogo kuliko kamba: yatamharisha zaidi na kukuachia alama sakafuni. Kinachomfanya paka asirudi kwao ni muda wa kukaa ndani. Baada ya wiki tatu hadi nne, akiwa anakula mbele yenu na anatembea mkia umesimama, mfungulie mlango kwa mara ya kwanza kabla ya chakula cha jioni, akiwa na njaa kidogo, na umwite kwa mlio wa sahani uleule. Mkimtoa mapema, atakwenda kuutafuta ule msitu wa paini na barabara kuu itampata kwanza.

Panya: asishindishwe njaa ili awinde. Paka aliyeshiba huwinda bado, ni asili yake, mwenye njaa huenda kwa jirani kuiba. Ila kwa sasa mahindi yalinde mwenyewe. Inua magunia juu ya chaga, yaache mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita, ziba matundu kwa vipande vya bati. Na zungumza na majirani wa pande zote kuhusu sumu ya panya, ile ya vipakti inayotembezwa sokoni. Panya aliyekula sumu hufa polepole, hutembea kizembe mchana, na paka humdaka huyo kwanza. Ukimwona Simba amelegea, fizi zimepauka, au ana damu puani au kwenye mkojo, usimpe mafuta wala maziwa. Mkimbize kwa daktari na pakti ya sumu mkononi kama imepatikana.

Ya Jumapili. Mama mkwe wako ni mkubwa, na amekuja kukutunza wewe, si kushindana na paka. Msalimie, mwambie nimesema kamwene, salamu ya kwao. Usimjibu kwa kumsomea barua hii mbele ya watoto. Mume wako ndiye azungumze na mama yake, wakiwa wawili, amweleze habari ya mtoto na hospitali kwanza, kisha aombe mwezi mmoja. Paka anajificha mchana na kutembea usiku kwa sababu ndivyo alivyo mwindaji yeyote mgeni; hakuna aliyemtuma zaidi ya mlinzi wa mashine. Na kumrudisha mashineni ni kumrudishia mawe, tena huenda akiwa na mimba. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ipo, ingawa mimi ningependa mambo ya nyumbani yaishe nyumbani. Mpe mama mkwe kazi ya kuchemsha dagaa wa jioni, awe yeye anayepeleka sahani mlangoni. Wabena, watu wa Njombe, ninaowajua hawamlishi mtu wakaendelea kumfukuza.

Akishaanza kukubali kushikwa, au kabla kama daktari atakuja nyumbani, achanjwe kichaa cha mbwa. Uliza ofisi ya mifugo ya kata yako, mara nyingi chanjo za mbwa huambatana na za paka, hasa mwishoni mwa Septemba panapokaribia Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tarehe 28. Kumsafirisha tumia tenga la kuku lenye kifuniko, lifunike kwa kanga, na uliache chumbani siku kadhaa kabla likiwa na dagaa ndani. Cheti cha chanjo kitunzeni pamoja na kadi za kliniki za watoto.

Sasa nenda hospitali na mtoto. Ukirudi niandikie wamesemaje, na kama chuchu umeziona.

Bibi Mifugo